Kabla ya kununua tabo, pima hewa kwanza

Kama umewahi kupanda matatu kutoka Kombani kwenda mjini Kwale, basi unaujua mlima ule wa kupitia Golini. Gari likiwa zima huutambui. Dereva hubadilisha gia mara moja au mbili, utingo huendelea kudai nauli, na kabla hujamaliza mazungumzo na jirani yako umeshafika juu na upepo wa Shimba Hills unakupiga usoni. Lakini gari likiwa gonjwa, mlima ule ni hakimu. Hapo ndipo siri zote za injini hutoka hadharani mbele ya abiria.

Ndivyo ilivyomfika mjomba wangu wa Msambweni. Ana Toyota Hiace ya dizeli ya abiria 14, aliyoinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na ambayo kwake ndiyo shamba, ndiyo ng'ombe na ndiyo pensheni. Siku moja alikodishwa kupeleka watu wa harusi Kwale. Gari lilipofika Golini likakata nguvu. Kukanyaga mafuta kukawa kama kukanyaga mchanga: injini inanguruma, gari haliendi. Moshi mweusi ukatanda nyuma, taa ya injini ikawaka kwenye deshibodi, na vijana wakalazimika kushuka wapande kwa miguu ilhali akina mama wamebaki ndani wakiendelea na vugo lao kana kwamba hakuna lililotokea.

Kesho yake alilipeleka kwenye gereji moja ambayo jina lake silitaji, kwa kuwa si kusudi langu kumharibia mtu riziki. Kijana wa hapo alichomeka kimashine chake chini ya usukani, akasoma nambari iliyotokea, na katika muda wa dakika tano akatoa hukumu. "Mzee, tabo imekufa. Leta pesa tuagize nyingine Mombasa."

Bei aliyotajiwa ilikaribia sana karo ya muhula ya binti yake aliye chuoni. Na fedha hizo zilikuwapo, tena taslimu, kwani ilikuwa zamu ya mkaza mjomba kupokea mchango wa chama chao cha akina mama, naye alikuwa ameziweka kwa ajili ya karo hiyo hiyo. Mjomba akaziomba. Mkaza mjomba akakataa katakata.

"Imekufa lini, na imekufa kwa ugonjwa gani?" akauliza. "Hata maiti huulizwa amekufa na nini. Mimi sitoi hata ndururu mpaka mtu mwingine alitazame gari hili."

Mjomba akanipigia simu mimi, maana anaamini kwamba mtu anayeandika gazetini anajua kila kitu. Sikujua. Walakini nilikwenda, nikasimama kando ya fundi wa pili pale Ukunda tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikimwuliza maswali mpaka nadhani alitamani nirudi nilikotoka. Niliyoyapata, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayokuletea leo. Najua ziko nyumba nyingi kati ya Likoni na Lunga Lunga ambazo riziki yake inakwenda kwa magurudumu manne, na najua pia kwamba neno "tabo imekufa" limekwisha vunja akiba za wengi.

Kwanza tuelewane tabo ni kitu gani. Injini hula vitu viwili, mafuta na hewa. Ukiipa mafuta mengi bila hewa ya kutosha, haishibi bali hutoa moshi mweusi. Sasa, moshi unaotoka injini kwa kupitia egzosi huwa bado una nguvu na moto mwingi ambao hupotea bure. Mhandisi mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, alifikiria kuitumia nguvu hiyo, akapata hataza ya wazo lake mwaka 1905. Moshi huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Kwenye ekseli hiyo hiyo, upande wa pili, kuna gurudumu jingine ambalo hufyonza hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hiyo ndiyo tabo. Huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Wazee wetu waliokuwa wakikesha kando ya barabara kungojea Safari Rally watakumbuka mwaka 1984, Björn Waldegård aliposhinda kwa Toyota Celica yenye tabo. Siku hizo kitu hicho kilikuwa cha magari ya mashindano. Leo kimo ndani ya matatu inayokupeleka sokoni.

Hewa ikishindiliwa hupata joto, kwa hiyo katika magari mengi hupitishwa kwanza kwenye rejeta ndogo ya kuipoza, ndipo iingie injini. Njia yote hiyo, kutoka tabo hadi rejeta na kutoka rejeta hadi injini, imeungwa kwa mabomba ya mpira na klipu za chuma. Likumbuke neno hilo mpira, tutalirudia.

Nani basi huiambia injini ni hewa kiasi gani imefika? Hapo ndipo inapoingia sensa. Usije ukadhani nazungumzia ile ya kuhesabu watu tuliyofanyiwa mwaka 2019. Hili ni jina ambalo mafundi wetu wamekipa kidude kidogo cha plastiki, hakizidi ukubwa wa kiberiti, chenye nyaya tatu au nne nyuma yake. Ndani yake mna kiwambo chembamba ambacho hupindika hewa inapokisukuma. Kompyuta ya injini hukipa kidude hicho umeme wa volti 5, nacho hurudisha sehemu tu ya umeme huo: hewa ikiwa kidogo hurudisha kidogo, hewa ikiwa nyingi hurudisha zaidi. Kutokana na jibu hilo kompyuta hukadiria dizeli ya kumwaga, na huamua pia kama tabo iongezwe kasi au ipunguzwe.

Jibu hilo likionekana halina maana, au likitofautiana na kile ambacho kompyuta ilikuwa ikikitarajia, kompyuta huingiwa na hofu. Huwasha taa, hupunguza dizeli, huinyima tabo kazi na kuliacha gari lichechemee polepole ili injini isije ikajiua. Gari la mjomba kukwama Golini, basi, halikuwa lazima limekufa kitu. Huenda lilikuwa limeogopa.

Na hapa ndipo pesa za watu hupotelea, msomaji. Maradhi matatu tofauti kabisa huleta dalili zile zile za kukosa nguvu, mwendo mzito mlimani na taa ya injini, na mara nyingi moshi juu yake. Huenda tabo yenyewe ni mbovu. Huenda tabo ni nzima lakini hewa inavujia njiani. Huenda tabo ni nzima na hewa yote inafika, bali sensa au waya wake ndio unaotoa taarifa ya uongo. La kwanza ni ghali mno. Hayo mawili mengine aghalabu ni rahisi, na kwa sababu hiyo ndiyo yanayostahili kutazamwa mwanzo. Lakini gereji nyingi huanza na lile ghali.

Kile kimashine kinachochomekwa chini ya usukani mafundi hukiita skana. Ni chombo kizuri, ila hakisemi "nunua kitu fulani". Husema tu kile ambacho kompyuta ililalamikia. Ukiona P0299 maana yake hewa iliyofika ni chache kuliko iliyotarajiwa. Haisemi kwa nini. P0234 ni kinyume chake, hewa imezidi. P0237 ni kwamba umeme unaorudi kutoka kwenye sensa uko chini mno, na P0238 ni kwamba uko juu mno; hizi mbili mara nyingi ni habari za waya, plagi au sensa yenyewe, wala si za tabo. P0236 yasema kwamba taarifa ya sensa haipatani na mambo mengine yanavyokwenda. Gari la mjomba lilikuwa limeandika P0299. Yule kijana wa kwanza alisoma "hewa chache" akatafsiri "tabo imekufa". Ni kama daktari asikiaye kwamba mtoto ana homa akaamuru apasuliwe.

Fundi wa pili, mtu wa makamo mwenye maneno machache, hakuanza na nambari hizo. Aliziandika kwenye kipande cha karatasi, akaziacha. Kisha akamwambia mjomba, "Mzee, washa swichi, lakini usipige stata."

Nikamwuliza kwa nini. Akanionyesha kioo cha skana palipoandikwa taarifa ya sensa. Ilisomeka 100.

Msomaji, jambo hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, na fundi yeyote aweza kulifanya bila kufungua hata parafujo moja. Injini isipowaka tabo haizunguki, kwa hiyo ndani ya bomba mna hewa ile ile tunayoivuta sisi. Na hewa hiyo ina uzito wake. Ufuoni mwa bahari, yaani Diani, Ukunda, Gazi, Msambweni na Shimoni, uzito huo ni kama 101 kwa kipimo kiitwacho kilopaskali, na hapa kwetu haubadiliki sana kutoka siku hadi siku. Kwa hiyo sensa nzima, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, haina budi kusema 100 au 101. Ikisema 99 usigombane nayo. Ikisema 60 au 140, inasema uongo, nawe umekwisha kuikamata uongoni kabla hata ya kuwasha injini.

Ukipanda juu, hewa hupungua. Mjini Kwale, ambako ni kama mita 400 juu ya bahari, utasoma 96 au 97. Nairobi utasoma 82 au 83. Fundi yule alinisimulia, akicheka kidogo, juu ya gari la watalii lililoletwa kwake huku sensa ikisoma 84 na dereva akiapa kwamba nambari hiyo ni sawa kwa kuwa gereji ya bara ilikwisha kuipima ikakuta hivyo hivyo. Huko bara ilikuwa sawa, naam. Lakini gari lilikuwa limeteremka hadi Diani, na sensa haikuwa na habari. Ilikuwa imeganda kwenye nambari moja, na ingaliendelea kusema 84 hata kama ungaliitumbukiza baharini.

Skana nyingine hutumia vipimo vingine. Moja huandika 1 au 1.01, nyingine 14.6 au 14.7, ni hewa ile ile. Ila jihadhari na jambo moja. Kuna vipimo vinavyohesabu hewa yote, na vingine vinavyohesabu nyongeza ya tabo peke yake, ambavyo huonyesha 0 injini isipowaka. Mkichanganya hivyo viwili mtabishana mpaka jua litue.

Basi ya mjomba ilisema 100. Fundi akaamuru ipigwe stata. Injini ikinguruma polepole ilisoma 101, jambo ambalo kwa dizeli nyingi ni la kawaida. (Kama una Subaru au gari jingine la petroli lenye tabo, usishtuke ukikuta 30 au 40 likiwa limetulia, injini ya petroli hufyonza kwa kuwa mlango wake wa hewa umefungwa nusu.) Kisha wakapanda wawili, mjomba akiendesha na fundi akiangalia skana, wakatoka mpaka barabara kuu wakakanyaga mafuta sawasawa. Asijaribu mtu kuendesha huku anasoma kioo. Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga imekula watu wengi bila hilo. Waliporudi, fundi alikuwa ameandika nambari ya tatu: 118.

Tabo nzima ya gari kama lile ingalifikisha 180, 190 au hata zaidi. Kwa hiyo hewa ilikuwa chache kweli. Kwa maneno mengine, sensa haikuwa imesema uongo hata mara moja. Ilikuwa mjumbe mwaminifu, na mjumbe hauawi. Sasa swali likabaki moja: hewa haitengenezwi, au inatengenezwa na kuvuja?

Akachukua kurunzi akaingia chini ya gari. Alikuwa akitafuta mafuta, si hewa. Hewa haionekani, lakini ndani ya mabomba ya tabo huwa mna ukungu mdogo wa oili, na pale hewa inapovujia, oili hiyo hutoka nayo na kunasa vumbi. Hutokea doa jeusi lenye unyevunyevu. Kwenye Hiace ile doa lilikuwa chini ya bomba la mpira linalotoka tabo kwenda kwenye rejeta ya hewa, karibu kabisa na klipu. Alipolipinda kwa mkono, mpira ukafunguka kama mdomo wa samaki. Injini ikiwa imetulia ufa ulijifunga na kila kitu kikaonekana kizima. Ukikanyaga mafuta, hewa inaufungua na kutorokea nje. Ndiyo maana gari lilikuwa sawa kabisa Msambweni kwenye tambarare na likafedheheka Golini.

Nilimwuliza vipi mpira wa gari ambalo mjomba hana nalo hata miaka minne uwe umeoza. Akaniuliza mimi gari liliundwa lini. Msomaji, tunasahau hilo. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lililotumika mradi halijapita umri wa miaka minane, na wengi wetu hununua lililo karibu na mpaka huo kwa kuwa ndilo tunaloliweza. Gari laonekana jipya kwa kuwa limepakwa rangi na kusafishwa bandarini. Lakini mpira umekwisha kula miaka saba au minane ya moto na oili, na sasa umekuja kuongezewa jua la pwani na foleni ya feri ya Likoni.

Bomba jipya lilipatikana. Gharama yake pamoja na klipu mbili na ujira wa fundi haikufika bei ya mbuzi wa wastani.

Si kila mara mambo huishia kwenye bomba kubwa. Kwenye Toyota nyingi za dizeli sensa haikuchomekwa kwenye njia ya hewa moja kwa moja. Imefungwa pembeni na kuunganishwa kwa kimpira chembamba, chembamba kama mrija wa soda. Kimpira hicho kikipasuka, kikichomoka au kikizibwa na masizi, sensa huwa kama mtu aliyezibwa masikio: tabo inafanya kazi yake yote, lakini sensa haisikii. Kukitazama ni kazi ya dakika moja, na ni hapo hapo penye aibu kubwa kwa fundi aliyekwisha kuuza tabo ya watu. Magari mengine sensa imechomekwa kwenye bomba lenyewe, nayo hupakwa masizi na oili mpaka kitundu chake kikazibika. Hiyo hutolewa ikasafishwa kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, ikaachwa ikauke. Usiruhusu mtu aichokoe kwa msumari au waya; kiwambo cha ndani ni laini mno.

Ugonjwa wetu hasa wa pwani, hata hivyo, ni chumvi. Upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini huleta chumvi ambayo huingia kwenye plagi za nyaya, na shaba iliyomo ndani ikaota ukungu wa kijani. Gari linalolala kwenye hoteli za ufuoni Diani hupatwa zaidi kuliko linalolala Kinango. Ongeza na panya, ambao hupenda joto la injini usiku na hawabagui waya wa kutafuna. Kwa hiyo sensa ikionekana kusema uongo, usiihukumu kabla hujatazama plagi yake. Ichomoe, itazame ndani, isafishe, ichomeke tena, kisha soma nambari huku mtu akiutikisa waya polepole. Nambari ikirukaruka kila waya unapotikiswa, umempata mwizi, naye si sensa.

Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kwenda mbele zaidi. Swichi ikiwa imewashwa na plagi imechomolewa, waya mmoja wapaswa kuwa na volti 5, au karibu sana na hapo, na mwingine uwe ni wa kurudisha umeme chini. Volti 5 zisipokuwapo, kubadilisha sensa hakutasaidia kitu. Tena, kwenye magari mengi volti hizo 5 hugawiwa sensa kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo sensa nyingine kabisa ikiharibika yaweza kuinyonya ya tabo ikaonekana kuwa ndiyo mgonjwa. Baada ya kuchomeka plagi tena, waya wa tatu, ule wa jibu, kwa sensa nyingi za tabo husoma kama volti 1 hadi 2 na nusu injini ikiwa imezimwa. Ukiganda karibu na 0, waya umekatika au umegusa bodi. Ukiganda karibu na 5, yaelekea ule wa kurudisha umeme ndio uliokatika. Haya yote hayachukui nusu saa.

Sitaki uondoke hapa ukidhani kwamba tabo hazifi. Zinakufa, na mara nyingi tunaziua wenyewe kwa kuchelewa kubadilisha oili, au kwa kununua oili ya bei rahisi inayouzwa kwenye chupa zisizo na jina. Lakini tabo iliyokufa huacha ushahidi. Moshi wa samawati hutoka, oili hupungua kila juma, na mara nyingi husikika mlio kama wa king'ora unaopanda pamoja na injini. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, bomba la kuingizia hewa likifunguliwa, mapanga ya tabo hushikika kwa kidole. Yakicheza kidogo sana pembeni hiyo ni kawaida. Yakicheza mbele na nyuma, au yakigusa ukuta, au kama yamekwanguka, hapo basi tabo imekwenda zake. Mwambie fundi akuonyeshe kwa macho yako. Fundi mkweli hachukizwi na ombi hilo.

Kuna jambo moja la hatari ambalo nimelisikia likisifiwa. Wapo wanaochoshwa na kutafuta, wakafuta taa ya injini kwa skana na kumrudishia mwenyewe gari likiwa limenyamaza. Taa hurudi baada ya siku mbili tatu, lakini fundi amekwisha kulipwa. Wengine ni wabaya zaidi: huchomoa sensa na kuweka ujanja wa waya ili kompyuta iamini kwamba hewa ni chache daima. Gari huruka kweli! Mwenye gari hufurahi. Ila kompyuta sasa haina macho, tabo yaweza kusukuma hewa kupita kiasi, na siku moja injini yenyewe ndiyo itakayopasuka. Ukiambiwa kwamba gari lako "limefunguliwa nguvu" kwa kuchomolewa sensa, omba urudishiwe sensa yako.

Na ukilipeleka gari gereji, usikubali nambari zifutwe kabla hujaziandika. Andika pia gari hukosa nguvu wakati gani: likiwa baridi au moto, mlimani au popote, ghafla au kidogo kidogo, baada ya mvua au la. Kukosa nguvu baada ya mvua hunong'ona habari za plagi na nyaya. Kukosa nguvu likipakia watu wote 14, na lisipopakia liko sawa, hunong'ona habari za mpira uliopasuka. Fundi asiyetaka kusikia maelezo hayo, mwombe radhi uende kwingine.

Alasiri ile walilirudisha gari Golini. Mkaza mjomba alisisitiza aende naye, akakaa kiti cha mbele akiwa amepakata mkoba wake wenye zile fedha za karo, kwa sababu, alisema, hataki kuziacha nyumbani na hataki pia kuzipa nafasi ya kuingia mfukoni mwa mtu. Fundi alikaa katikati na skana yake. Mimi nilikuwa nyuma. Gari lilipanda likiwa kwenye gia ya tatu, moshi hakuna, na fundi akawa akisoma kwa sauti: 150, 170, 185, 191.

"Hiyo 191 ndiyo nini?" mkaza mjomba akauliza.

"Ndiyo hewa, mama."

Akaomba kalamu. Kipande kile cha karatasi bado kimo ndani ya sanduku la deshibodi, kimekunjwa pamoja na stika ya bima: 100, 101, 118 imekatwa kwa mstari, na chini yake 191 kwa mwandiko wake mwenyewe. Jumatatu iliyofuata binti alipelekewa karo.